Maman Riziki Amegonga Mtungi wa Wajapani

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Mvua ya Brussels, ile isiyonyesha sawasawa wala kuacha.

Hapa Matonge, mtaa wetu Wakongo, hakuna muntu anayejua vyungu vya Wajapani kunishinda mimi.

Bon, uongo. Mpaka juzi sikujua hata kama Wajapani wanafinyanga. Nilidhani kazi yao ni magari na redio tu.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Mke wangu, Maman Riziki, alikuwa mfinyanzi kule Uvira, vyungu vyake vilivuka ziwa mpaka Burundi. Hapa ameosha wazee wa Kizungu wasiojiweza miaka kumi na minane. Tangu aache kazi mwezi wa pili anakaa dirishani, mikono juu ya mapaja kama mali ya muntu mwingine. Nikimchokoza hanitukani tena. Yule mwanamke akiacha kunitukana, ujue ni mgonjwa.

Donc niliposikia kuna tajiri ameigeuza nyumba yake musée, makumbusho ya vyombo vya Japani, nikamvalisha koti tukaenda.

Ndani kimya kama kanisani kabla ya sadaka. Vibakuli vyote vimo ndani ya vioo. Maman Riziki akauliza kwa sauti ya sokoni: "Hivi wamevifunga juu ya nini? Viliiba?"

Nilitaka kucheza ngoma palepale.

Kisha tukafika kwenye mtungi mkubwa usio na kioo, umezungushiwa kamba tu. Kwetu huko hakuna anayenunua chungu bila kukigonga kwanza, asikie kama kina ufa. Kabla sijamshika mkono, ameshainama juu ya kamba na kuugonga kwa kifundo cha kidole: ko, ko.

Kengele ikalia. Mlinzi akaja mbio: "Madame! Madame!" Mwenzangu hata hakugeuka.

"Mwambie anyamaze kwanza. Bado ninasikiliza."

Mwenye nyumba mwenyewe akashuka, bibi mzee wa Kizungu na fimbo yake, uso umekunjamana. Ningeweza kumwambia kwamba mke wangu ana kichaa, na nilifikiria. Lakini nikatafsiri maneno ya Maman Riziki neno kwa neno: mtungi ni mzima; moto uliingilia upande huu, ndiyo maana majivu yameganda hapa; na aliyeufinyanga alikuwa na haraka alipofika shingoni.

Bibi akautazama muda mrefu. Akasema ameishi nao miaka thelathini na hajawahi kuiangalia ile shingo. Akatuomba tusiguse tena. Halafu akacheka mpaka akatafuta kiti.

Katika basi Maman Riziki alinyamaza mpaka kituo cha Porte de Namur, karibu na kwetu. Nikajua tunarudi dirishani. Ndipo akasema:

"Mimi ile shingo ningeimaliza vizuri. Udongo wa inchi hii wanauchimba wapi, weye mupumbafu?"

Mupumbafu! Nikajifanya natafuta tikiti mfukoni.

Sasa weye Bahati, kinyozi wa Galerie d'Ixelles, najua unayasoma haya hapa mtandaoni. Ulipoenda kuzika kule mji wa Liège, nani alifungua saluni yako siku tatu na kuwapigia wateja soga wasihamie kwa jirani? Basi leta kamioneti yako ya mizigo Jumamosi asubuhi, twende kwa wachoma matofali wa nje ya mji. Mifuko miwili tu ya udongo. Koleo utashika weye, mgongo wangu unaujua. Na tafadhali usichelewe, Maman Riziki asije akabadili mawazo.