Nimeandika Mpingo Ulipo

Jumanne, baada ya magharibi

Mbona sikufikiri kwanza? Mwalimu wa biolojia alitaka tulinganishe viumbe wawili walio hatarini kutoweka. Nikachagua mpingo wa shambani kwa Bibi, na likeni, yale madoa ya kijivu yaliyoshika gome lake kama ukurutu. Nikaandika kwamba mpingo unakwisha kwa sababu watu wanautaka mno, na likeni inakwisha kwa sababu hakuna anayejua kuwa ipo. Mwalimu akaisifu kazi yangu, akaibandika ukutani.

Penye kipengele cha "mahali" niliandika njia yote, kuanzia barabarani mpaka shambani kwa Bibi.

Mchana Zuhura akaisoma, akacheka. "We! Kumbe kwenu kuna mpingo? Baba anahangaika kweli kutafuta gogo. Ngoja nimwambie!"

Baba yake huwauzia magogo wachonga vinyago. Nikajidai nacheka. Bibi analala peke yake kule, na hao watu wakija na msumeno...

Likeni haina mwizi, lakini mti ukianguka, nayo imekufa.

Kesho nitawahi kabla ya kengele, nimwombe Mwalimu aibandue kazi yangu ukutani. Zuhura nitamwambia ukweli, kwamba naogopa. Ni rafiki yangu. Labda bado hajamwambia.