Macho Makavu na Kijitabu cha Shosho Wairimu

Jumatatu, 3 Februari
Macho tena. Yanawasha kama yamepakwa pilipili. Vijitabu vitatu vya mazishi kabla ya saa saba, na kadi moja ya harusi. Hapa Ruiru hakuna anayepanga wasifu wa marehemu kunishinda. Picha mbele, maua pembeni, orodha ya jamaa, nyimbo. Watu hulia wakisoma kazi yangu hata kabla jeneza halijafika. Na niliacha shule kidato cha pili! Nimeishi Dubai miaka minne, nimeona jua la kukaanga mayai. Leo skrini ya kompyuta ndiyo itaniangusha? Thubutu.
Njoki wa printa anasema macho yangu ni nyanya mbili. Nimemwambia ni urembo.

Jumanne, 4 Februari
Nimeamka kope zimegandana. Mchanga ndani. Nimenunua dawa ya matone, ile ya kuondoa wekundu. Nusu saa nilikuwa mfalme. Kisha moto, kuliko mwanzo. Nikatia tena. Nikatia mara sita. Mjinga mimi.

Jumatano, 5 Februari
Shosho Wairimu amefariki. Habari imeniuma. Niliporudi kutoka Dubai na begi moja na maneno mengi, tulikuwa majirani Makongeni, na bikizee huyo alinilisha githeri ya mahindi na maharagwe miezi miwili bila kuniuliza swali. Mjukuu wake Mburu ameleta karatasi ya majina, imeandikwa kwa mkono. Mazishi ni Ijumaa, kwao Gatuanyaga. Nimeahidi kijitabu ambacho hakijawahi kuonekana kaunti nzima.
Njoki alitaka kunisomea majina nikiandika. Nimekataa. Mimi si mzee wa kusomewa.

Alhamisi, 6 Februari
Mistari inaogelea. Nafunga jicho la kulia, naandika na la kushoto. Likichoka, nabadilisha zamu. Feni usoni ili nisilale. Nimemaliza saa kumi jioni. Sikurudia kusoma, sikuweza. Mburu amebeba nakala mia mbili. Maua yametoka vizuri ajabu. Nimejisifu mpaka Njoki akanifungia mlango.

Ijumaa, 7 Februari
Aibu. Sijui nianzie wapi.
Msomaji wa wasifu alifika kwenye majina ya ndugu zake Shosho. Kwa sauti kubwa: "Dada yake Njoroge na marehemu Kariuki." Njoroge alizikwa zamani. Mzee Kariuki alikuwa safu ya mbele, kofia kichwani, bakora mkononi. Neno moja nimeliweka pasipo pake, nimemfufua mmoja na kumuua mwingine. Mama mmoja akapiga kelele: "Ngai! Mungu wangu!"
Mzee akasimama. "Endelea kusoma, kijana. Mimi nitajizika nikimaliza chai."
Watu wakacheka. Mke wake hakucheka. Alijifunika uso na leso akalia, kwa sababu mtu hai haitwi marehemu mbele ya kaburi lililo wazi.
Nimeomba kalamu. Nimepita safu kwa safu, kijitabu kwa kijitabu, nikikata neno lile mwenyewe. Vumbi la Gatuanyaga likaniingia machoni, machozi yakatiririka. Watu wakanipa pole. Sikuwakatalia. Nilikuwa namlilia Shosho pia.

Jumamosi, 8 Februari
Kliniki ya macho, Thika. Daktari ni msichana mdogo. Ameuliza nakaa saa ngapi kwa siku mbele ya skrini. Nimemjibu: kumi na mbili. Amenitazama nikisoma simu, akihesabu kitu. Kisha: "Baba, hupepesi macho."
Miaka arobaini na tatu, nafundishwa kupepesa! Nimekasirika hadi lifti ya jengo. Dawa ya wekundu nitupe. Badala yake nitie matone ya machozi bandia. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu jioni. Kila baada ya dakika ishirini nitazame mbali. Na feni, kumbe, ndiyo imekuwa ikinikausha mwaka mzima. Mimi mwenyewe niliielekeza hapo.

Jumatano, 12 Februari
Mzee Kariuki ameingia dukani, mke wake nyuma. Nikajua nimekwisha. Nikasimama, nikaanza kuomba msamaha upya. Amenizuia kwa bakora.
"Kaa chini. Andika wasifu wangu. Nataka kuusoma nikiwa bado naona."
Mke amesonya, lakini amevuta kiti karibu nami. Ndiye amenitajia kila kitu: mwaka wa ubatizo, shamba la kwanza, watoto saba, ng'ombe aliyeitwa Kanini. Nimekuza herufi hadi zikajaa skrini. Kila mstari nimeusoma kwa sauti, naye akaitikia. Nimepepesa. Nimetazama nje, gari likipita, nimerudi. Polepole, saa mbili nzima, macho yanawasha kidogo tu.
Tukafika pale pa tarehe ya kufa. Mzee akafungua mdomo, mzaha uko tayari.
"Hapo pabaki wazi," mke wake akasema.
Nimepaacha wazi.