Firigisi ya Mjomba

Tuwan, Kitale

Dada Nafula,

Huku mvua hainyamazi na baridi inauma, lakini Mama hajatapika tangu atundikiwe dawa ya kansa. Vile vidonge vya kuzuia kutapika vinamsaidia. Ila vimemletea njaa na hasira, uso umemfura, na usiku hasinzii.

Jana mchana Mjomba alituchinjia jogoo. Unajua Mama alikuwa hajawahi kuonja kuku, vile wanawake wa zamani kwetu walikatazwa. Basi bakuli lilipowekwa mezani, akanyoosha mkono, akachukua firigisi, ile anayotengewa mwenye nyumba, akaitia mdomoni! Mke wa Mjomba akabaki ameshika kifua.

Mama akaanza kulia. "Huyu si mimi, ni hizi dawa. Kuanzia leo sizimezi tena." Akasukuma vidonge vikaanguka sakafuni. Nami najua daktari alikataza asiviache bila kumwuliza.

Mjomba, na unazijua hasira zake, alimkazia macho dada yake mpaka nikatamani kutoka nje. Kisha akainama, akaokota kidonge, akanigeukia. "Si daktari alisema kisimezwe tumbo likiwa tupu?"

"Ndiyo, Mjomba."

Akatoa paja la kuku, akaliweka mbele ya Mama pamoja na kidonge. "Basi kula ushibe, ndio umeze. Majogoo wako wengi huko nje. Dada niko naye mmoja."

Mama alikula, akameza.

Tuombee, na uwakumbatie watoto. Baba akiuliza tunakula nini huku, mwambie ni sukuma wiki.

Wako,
Nekesa