Sufuri kwa Mama Mukwe

Mpendwa Mama Olga, naomba msaada kabla ya mkutano wa wakaaji na watu wa mabwawa juma lijalo, maana miye Protais wa Kavimvira, mwenye pua inayojulikana mpaka Kamanyola, pua iliyonusa mbuzi wa wizi kule Sange nikiwa nimekaa hapa Uvira, na rangi yake nikaitaja, leo nimekwama. Ile projet ya mabwawa ya kusafisha maji ya vyoo ilitafuta watu wa kupima harufu, na injenia Claire akanichagua miye mbele ya wenye diplome. Kazi ni kusimama kwenye alama, kunusa, kutoa namba, sufuri kama hakuna kitu, sita kama unataka kukimbia, kisha ordinateri, ile kompyuta yao, inachanganya namba na upepo inachora ramani ya harufu. Sasa alama moja iliangukia ndani ya parsele, kiwanja cha mama mukwe wangu, Mama Kankindi, akaniletea kiti, akauliza, "Mukwe, unanusanusa nini kwangu?" na upepo unaleta kitu siwezi kuandika, machozi yananitoka, nikajibu, "Hewa safi tu, mama," nikatoa sufuri, na kila nikirudi ni sufuri, maana mukwe gani atasema kwa mama mukwe kunanuka? Ramani imetoka: harufu inafika kwenye ukuta wake, inaruka, inaendelea ng'ambo. Claire anasema kwa kuwa pale hakunuki, bwawa jipya la matope litachimbwa nyuma ya jikoni yake. Bibi yangu Laure, binti yake niliyemuoa, analia, na mama mukwe anauliza ni mjinga gani aliyepima, hajui kunusa kwangu kule ndiyo kupima. Nifanye nini bila kumvunjia heshima?

Protais, pole, na nyamaza kidogo. Hata miye sijawahi kumwambia mama mukwe wangu kwamba mboga yake ya sombe imeungua. Lakini mama alikupa kiti, hakukuomba sufuri. Unafikiri yeye hana pua? Anakula na harufu ile, anaamka nayo, weye unamwambia hewa safi, naye kwa adabu anakubali. Mumedanganyana vizuri sana.

Tena nani kakwambia ni kwake kunanuka? Ni bwawa linanuka! Upepo tu unaleta harufu yake.

Kesho nenda kwa Claire, mwambie: "Yule ni mama mukwe wangu, futa sufuri zangu zote za pale, weka mtu asiye wa ukoo." Usimpe namba mpya, huaminiki tena. Laure amweleze mama yake nani alipima. Weye ukieleza utajisifu. Siku ya mkutano, Mama Kankindi akae mbele, azungumze mwenyewe. Akisema bwawa linanuka, simama useme, "Ndiyo, mama." Adabu ya mukwe iweke hapo.