Beseni ya Nyama Inabakia Hapa

Tata Jeancy,

Sombe iko mu sufuria, inabakia kutia mafuta tu. Bukari utasonga weye mwenyewe, mikono unayo. Mutoto wetu Glodie anywe dawa yake ya kikohozi, hata akilia.

Mi nimeenda Upemba na Hiace yangu. Nimeondoa biti bya nyuma na kutandika godoro. Tutalala mulemule mu motoka, mi na dada yangu Louise. Asubuhi uliniuliza mbele ya mama yako kama mi ni mukimbizi wa kulala mu motoka. Kisha mama yako akaingiza beseni mu motoka: «Unaenda pori, utatuletea nyama ya kukausha.» Na weye ukacheka!

Nyama gani? Punda milia mu inchi yetu zimebakia kidogo sana, na ziko kule Upemba mu parc. Naenda kuziangalia tu. Mulinzi atatuonyesha pahali pa kusimama, mbali nazo. Tutazima moteur, hatutapiga honi, hatutazifukuza juu ya kupiga picha.

Hapa Kolwezi, kitu tukikiona, tunakichimba ao tunakikula. Kule Kasulo ulichimba cobalt hata chini ya kitanda chetu. Mi nataka kuona kitu kimoja tu na kukiacha palepale nilipokikuta.

Beseni iko chini ya meza. Murudishie mama yako, kwa heshima.

~~Nitarudi siku ya Mungu, mbele ya misa.~~ Nitarudi punda milia zikichoka kuniangalia.

Bibi yako,
mukimbizi