Uzito wa Beryl, na Baba Akiwa Ndani

Murrayville, 4 Agosti

Binti yangu Leonie,

Huko pwani wazima? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua asubuhi za baridi. Mbwa wangu Tilly anakula kunishinda. Mvua imeikuta ngano vizuri, na kila mtu hapa anatembea kifua mbele.

Nimesikia umefanywa mkuu wa mizani ya barabara kuu. Pale duka la mikate nimewaambia wote, hata waliokwisha kusikia.

Septemba nakuja kukuona na Beryl. Humjui gari huyu alivyo sasa. Nimemfunga winchi ya kujinasua matopeni, tangi la pili la dizeli, matairi mawili ya spea na hema juu ya paa. Watu wakiniuliza uzito wake nawaambia tani tatu kasoro kidogo. Nimepima malori ya ngano hapa ghalani miaka thelathini na moja, jicho langu halihitaji mashine.

Baba yako,
Clive


Ceduna, 13 Agosti

Baba mpendwa,

Barua imenikuta mzima, na goti lako nimelisikitikia. Liangaliwe na daktari, usilipake tu mafuta ya trekta. Nimefurahi mno kwamba unakuja. Miaka sita ni mingi.

Lakini jicho lako silitaki. Mlangoni mwa Beryl pana kibati kinachosema mwisho wake ni kilo 3,300. Barabara yako inapita kwenye mizani yangu, na msimu huu tunapima hata magari ya safari kama lako, maana watu wanayapakia kupita kiasi. Mpeleke ghalani akapimwe, uniletee tiketi ya uzito.

Siku ile unastaafu nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia ukimwambia meneja wa ghala, "Leonie kazi anaiweza, ila hatamrudisha mtu anayemjua akizidisha mzigo." Kazi yako ya mizani wakampa mwingine. Sikukuambia kitu, nilifungasha tu nikaondoka. Sasa nakuambia mapema, Baba, usije ukanitia mtihanini mbele ya wenzangu.

Binti yako,
Leonie


Murrayville, 22 Agosti

Leonie mwanangu,

Natumaini upepo wa huko haujakuchosha. Huku tuko salama.

Sikujua kwamba uliyasikia maneno yale. Niliyasema, siwezi kuyakana.

Beryl nimempima. Jumapili walinifungulia ghala kwa heshima ya zamani. Nikampandisha kwenye mizani, nikashuka, nikaingia kibandani na kusoma mwenyewe, Tilly akinifuata nyuma. Sikuhitaji msaada wa mtu. Kilo 3,190. Nakiri jicho limezeeka, lakini bado nina kilo mia na kumi za kuchezea. Tiketi iko humu, waoneshe hao wenzako.

Baba yako,
Clive


Ceduna, 2 Septemba

Baba,

Hujambo na Tilly hajambo? Mimi mzima, kazi nyingi.

Tiketi nimeisoma nikacheka, kisha nikajumlisha. Baba, ulishuka. Miaka yote hiyo mpimaji ulikuwa wewe, na mpimaji hakai garini, basi mazoea yakakushusha. Beryl hatakuja Ceduna peke yake. Wewe ni kilo 104 kabla ya kunywa chai. Tilly 28. Maji nakujua, huyajazi mpaka siku ya kuondoka, nayo ni lita sitini. Jumla 3,382. Umezidi kilo 82.

Toa kitu. Nakuomba.

Binti yako,
Leonie


Murrayville, 29 Septemba

Leonie,

U hali gani? Usinikasirikie. Kimya changu kilianza kwa hasira, kikaja cha aibu, mwisho kikawa cha spana.

Hema la paa nimelitoa, nitalala chini kama zamani. Tairi la pili nimelitoa pia. Chini ya kiti cha nyuma kuna sanduku ambalo sitalitoa, na usiniulize lina nini. Safari hii nilikaa ndani, Tilly pembeni, maji yamejaa. Jirani yangu Neville ndiye aliyesoma, maana mimi hata dirishani sikusogea. Kilo 3,281.

Natoka Jumatatu. Nitalala Kimba kwa shangazi yako Valmai.

Baba yako,
Clive


Murrayville, 20 Oktoba

Binti yangu Leonie,

Nimefika salama, na goti limekubali safari kuliko nilivyotegemea. Asante kwa wiki yote ile, na kwa samaki.

Nikiwa nawe mambo haya yalinishinda kuyasema, kwa hiyo nayaandika. Shangazi yako hakukubali niondoke bila gunia la maboga, na mimi, mpimaji mzima, nikaona maboga ni chakula, si mzigo. Nilipokuona pale mizanini umevaa kofia ya kazi, mkono wangu ulikuwa tayari mlangoni. Ukasema, "Kaa ndani, Baba. Leo nasoma mimi."

Nikakaa. Maisha yangu yote nimewasomea watu uzito wao, sikuwahi kusomewa wangu. Ukarudi na uso wa serikali. "Umezidi kilo kumi na tisa. Rudi nyuma upakue."

Dereva wa lori nyuma yangu akakuuliza kama huyu si baba yako. Nilikusikia vizuri ukimjibu, "Ndiye. Na amezidi."

Niliyagawa maboga kwa madereva wale nikitabasamu, wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa najivuna, mwanangu. Sijawahi kujivuna hivyo, hata siku yangu ya kustaafu.

Lile sanduku sasa umeshalifungua. Ni mawe manne ya chuma, kilo ishirini kila moja, niliyokuwa nikipimia mizani yenyewe kila mwanzo wa mavuno. Kama ningeyaacha nyumbani, hema lingebaki mahali pake. Lakini yalikuwa yako tangu siku ile ya kustaafu, mimi ndiye niliyechelewa kuyaleta.

Jana nimemwandikia meneja wetu wa zamani. Barua ni fupi. Nimemwambia siku ile nilikupima kwa jicho.

Baba yako,
Clive