Diwani Kalishwa Nyama ya Ng'ombe

Jumamosi, Tumba, kando ya Stockholm. Theluji nyepesi inaanguka nje, na mimi humu ndani nachemka kama sufuria ya makande.

Diwani amelala ubavu.

Diwani ni samaki wangu, oska, mwindaji wa kutoka mito ya Amazoni, mkubwa kama kandambili. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nimeendesha lori kutoka Hamburg mpaka Oslo, na hakuna Mswahili Stockholm hii anayefuga samaki kama mimi. Hakuna! Diwani anakula kwa ratiba: leo kamba, kesho minyoo, keshokutwa panzi, halafu kipande cha samaki mweupe. Jumatano hali kitu, tumbo lipumzike. Ratiba niliibandika kwenye friji nilipoondoka safari ya siku nane, ufunguo nikamwachia dada Mwajuma wa ghorofa ya tatu.

Nimerudi mchana huu. Tumbo limemvimba kama puto, majini yanaelea mafuta. Kamba wangu wote wako kwenye friza, hawajaguswa.

Nikampigia dada Mwajuma, nikafoka mpaka nikapaliwa.

"Kaka, umeandika Jumatano asile," akasema. "Umenikabidhi kiumbe, nimlaze njaa? Na minyoo ndiyo chakula cha kumpa mgeni? Nimempa nyama ya ng'ombe, laini, nimeichemsha mwenyewe."

"Wiki nzima nyama! Dada, yule ni samaki, si bwana harusi!"

Akajibu polepole: "Si wewe kila tukija unamrushia mishkaki, tunapiga makofi?"

Nikakata simu.

Ni kweli, na ndiyo inayoniuma. Sebule ikijaa wageni, mimi na mishkaki yangu, Diwani anaruka, watu wanashangilia. Mafuta ya ng'ombe tumbo la samaki haliyawezi. Najua! Muuza samaki wa kufuga, kule Skärholmen, alinionya si mara moja. Ratiba nzuri niliiachia friji, makofi nikayachukua mimi.

Hasira bado ninayo tele, ila imekosa pa kwenda, imerudi kwa mwenyewe.

Nimebadilisha maji. Siku mbili hali kitu, halafu nitamjaribu kwa njegere zilizomenywa maganda, zimlainishe tumbo. Sasa hivi pezi limetikisika. Au ni macho yangu?

Kesho napanda ghorofa ya tatu kuomba radhi. Ufunguo simnyang'anyi. Ila mishkaki, hata akija mfalme sebuleni kwangu, ataila mwenyewe.